Kifafa ni Suala la Haki
(Mazungumzo na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za wagonjwa. Nimechagua ugonjwa mmoja tu, kifafa, kwa kuwa ndio unaonisuta.

Mwaka mmoja niliitwa kumpaka mafuta matakatifu kijana aliyeungua. Mwaijua baridi ya Juni na Julai hapa Ufipa, jinsi jamaa nzima inavyouzunguka moto. Kijana yule alishikwa na kifafa akaangukia motoni. Watu walikuwapo, lakini walichelewa kumtoa, wakiogopa povu la kinywani mwake. Tena dawa yake ilikuwa imekwisha katika zahanati kwa majuma kadhaa. Yanipasa nikiri: katika miaka yangu yote ya kuhubiri, sikuwa nimelitamka neno kifafa mimbarini, ila niliposoma Injili ya yule mtoto aliyeanguka motoni na majini.

Povu haliambukizi. Kifafa hutokana na hitilafu katika ubongo. Huweza kuletwa na taabu wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa. Iko na sababu nyingine ambayo sisi wafuga nguruwe hatuna budi kuijua. Mtu alaye nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri huweza kupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Nguruwe azururaye hula kinyesi hicho, na mzunguko huanza upya. Lakini mayai hayo yakimezwa na binadamu, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, lava zake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo hata asiyeonja nyama hiyo maishani hayuko salama, iwapo jirani yake hana choo. Je, hilo si suala la haki?

Dawa ipo. Fenobabitoni imetumika kutibu kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani lasema matibabu huweza kugharimu kiasi kidogo cha dola 5 kwa mwaka, na kwamba hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wangeweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa kwetu Tanzania jambo hili lilionekana zamani: mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akatumia dawa hiyo hiyo. Lakini dawa hii haivumilii kukatizwa. Mgonjwa akiikosa ghafla huweza kushikwa mfululizo, hata kufa. Basi rafu tupu ya zahanati si upungufu mdogo wa ofisi.

Mei 2022, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa 2022 hadi 2031 juu ya kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu. Unataka huduma za kifafa ziongezeke kwa asilimia 50 kuliko zilivyokuwa 2021. Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni maandishi mema. Mama wa Kalambo au Nkansi huyapima kwa jambo moja: je, amerudi na vidonge, au amerudi mikono mitupu?

Msiniambie tutawachangia wagonjwa hawa Jumapili. Sadaka ni njema, lakini mgonjwa anadai kilicho chake.

Akianguka mtu mbele yenu, mwondoeni penye moto au maji, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani. Ikizidi dakika 5, mpelekeni hospitali.

Na kabla ya kikao kijacho, kila kamati imwendee mganga wa zahanati yake kwa heshima, imwulize dawa ya kifafa ilikosekana siku ngapi katika miezi 6 iliyopita. Andikeni tarehe. Kwa karatasi hizo tutakwenda pamoja kwa mganga mkuu wa wilaya.