Makaa ya Wazee Wetu



Baridi ya Julai huku Kaloleni na Bahati mwaijua. Mwenye fedha hununua gunia la makaa. Mzee aishiye peke yake hununua mkebe mmoja kila jioni, na mwezi ukiisha huwa amelipa zaidi ya mwenye gunia. Ndiyo sababu tuliamua kuchanga na kununua kwa pamoja.

Safari ya kwanza, twakiri, kosa lilikuwa letu. Tulishughulika na bei tukasahau kibali cha kusafirishia makaa, kilichotakiwa na Kanuni za Makaa za mwaka 2009. Mzigo ukazuiliwa njiani, na fedha za wanachama zikapotea. Sasa hatulipi mpaka karani wetu akione kibali kwa macho yake, na kila gunia hufunguliwa, maana vumbi hufichwa chini.

Tena, jiko liwashwe nje, wala lisiachwe usiku chumbani walimolala watu. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, nayo huua. Twajua dirisha wazi huleta baridi. Kwa hiyo twaomba sehemu ya mchango wa mwaka huu inunue mablanketi.