Kutuliza Mawazo ya Vijana



Nimepewa kusema juu ya vijana wetu, nami nachagua jambo moja tu, yaani mawazo yao yasiyotulia. Twamwona kijana wa miaka 14 ameketi, kitabu kiko mbele yake, lakini moyo wake uko mbali. Upesi twamwita mvivu. Pengine si mvivu hata kidogo, bali akili yake imechoka kwa kukimbia huko na huko.

Mambo yanayomkimbiza ni mengi. Uko mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba, na ule wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Iko simu isiyonyamaza usiku. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutumika kupima mambo na kujizuia, haikomai mpaka mtu apite miaka 20. Basi tusidai kwa mtoto utulivu ambao mwili wake haujaupata. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili wa namna fulani. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, wala sisi hatuko nje ya dunia.

Tufanyeje? Kwanza, pumzi. Mtu aogopapo, moyo hupiga mbio na pumzi huwa fupi. Moyo hatuwezi kuuamuru, ila pumzi twaweza. Na mtu akiitoa polepole, moyo nao hupunguza mwendo. Kijana avute pumzi akihesabu mpaka 4, kisha aitoe akihesabu mpaka 6, mara chache tu, kabla ya kufungua karatasi ya mtihani.

Pili, milango ya fahamu. Mawazo hupenda kukaa katika jana na kesho, lakini jicho na sikio hukaa katika leo. Mpeleke kijana ufukweni Musoma, umwambie ataje vitu 5 avionavyo, 4 avigusavyo, sauti 3, harufu 2 na ladha 1. Ataona majabali, atagusa mchanga, atasikia mawimbi, atanusa dagaa walioanikwa juani. Aliye Bunda ataanza na pamba shambani. Kazi hii haina gharama yo yote.

Tatu, mikono. Wazee wetu hawakuwa na jina la elimu hii, walakini walikuwa nayo. Kufinyanga udongo, kusuka kamba, kupepeta nafaka, kupiga litungu lenye nyuzi 8 kama wafanyavyo Wakurya, yote hayo huyakusanya mawazo mahali pamoja. Na bao je? Mchezaji hana budi kuhisi kete mkononi na kutazama mashimo; akiwaza mengine, ameliwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kufariki mwaka 1999, alipokwisha kustaafu na kurudi kwao alipenda kucheza bao. Kijana anayecheza na babu yake hupata mambo mawili pamoja: utulivu, na mtu mzima aliye karibu naye.

Lakini nawaonya kwa mambo mawili.

La kwanza, jambo hili lisiwe somo la kulazimishwa. Huko Uingereza walijaribu kuwafundisha utulivu wa namna hii vijana zaidi ya 8,000 katika shule 85. Majibu yalitolewa mwaka 2022, yakaonyesha ya kuwa waliofundishwa hawakuwapita wenzao. Na wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Basi tuwape vijana kama mchezo na kama kazi ya mikono, achague apendaye.

La pili ni zito zaidi. Ziko hofu zisizostahili kutulizwa, bali kuondolewa. Binti anayesikia kwamba msimu wa kukeketa wakaribia mwezi wa Desemba, akakosa usingizi, huyo hana ugonjwa. Ameona hatari iliyo kweli. Tukimwambia avute pumzi na anyamaze, tumemsaliti. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa mtoto aliye chini ya miaka 18, na katika mkoa wetu, Butiama na Mugumu, zimefunguliwa nyumba za kuwapokea mabinti wanaokimbia. Kwanza apate mlango wa kuingia, na mtu mzima wa kumsadiki. Baadaye, akiwa salama, ndipo pumzi na udongo na uzi na sindano vitamfaa, maana mwili huendelea kuogopa hata hatari ikiisha kupita. Na kijana anayesema hataki kuishi apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Ndugu zangu, tuanze nyumbani. Jioni simu ziwekwe mbali, za wazazi kwanza. Tuketi na watoto robo saa, mikono yetu ikichambua mboga au kupukuchua mahindi, tusiwaulize habari za mtihani. Kijana akinyamaza, tunyamaze naye. Akisema, tumsikilize mpaka mwisho.