Risasi Tupu na Risasi Yenye Gamba



Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili: madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, na kile kitu kitokacho mtutuni mwa bunduki. Si ajabu, maana zamani vilikuwa kitu kimoja. Mwenye gobori aliyeyusha madini hayo, akayamimina katika kalibu, akapata risasi zake. Leo napenda kueleza kwa nini wawindaji waliojijazia risasi kwa mikono yao iliwapasa kuchagua kati ya risasi tupu ya namna hiyo na ile iliyovikwa gamba la shaba.

Madini ya risasi huyeyuka kwa moto wa digrii 327 za sentigredi tu. Baruti nyeusi ya zamani iliyasukuma taratibu, hayakudhurika. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi zaidi. Risasi tupu ikisukumwa kwa nguvu hiyo hubanduka, huacha utando ndani ya mtutu, na shabaha huharibika. Dawa yake ni gamba.

Basi kanuni ni hii. Kwa mwendo wa wastani yatosha risasi ya kumimina, iliyochanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu. Gharama yake ni ndogo, wala haichakazi mtutu. Kwa mwendo mkali hapana budi kutumia yenye gamba. Nayo ni ya namna mbili: yenye pua laini hupanuka mwilini, yafaa kwa swala, iliyofunikwa pua haipanuki, hupenya mfupa mnene. Tena kipimo cha baruti cha risasi moja si cha nyingine. Aliyekosea hapo bunduki humpasukia usoni.

Mfano u karibu nasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskochi W. D. M. Bell aliondoka Mumias, kusini ya Bungoma, kwenda Karamoja kuwinda tembo. Aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye risasi za gramu 11 hivi zilizofunikwa pua. Wenziwe walitegemea bunduki nzito. Yeye alijua ubongo ulipo, akachagua risasi ipenyayo bila kupotoka.

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma, uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Lakini madini yale hayajaacha kudhuru. Usiyeyushe risasi ya betri kuukuu jikoni: mvuke na vumbi lake huingia mwilini, na akili ya mtoto huharibika asipate kupona. Ukiokota risasi ya zamani shambani, au ukiikuta katika sanduku la marehemu babu, usiifungue wala usiigonge fataki yake. Iache hapo, uwaarifu polisi. Kuiweka bila kibali ni kosa kwa sheria.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila risasi ina kazi yake. Kazi yetu sisi ni kuwalinda watoto na madini hayo, na kuwaacha tembo wa Mlima Elgon waingie pango la Kitum kutafuta chumvi yao kwa amani.