Baiskeli Hubebwa Begani

Baiskeli yangu iliibiwa nje ya duka ikiwa imefungwa. Kumbe kufuli lile la gurudumu la nyuma huzuia kuendesha tu, halizuii kubeba. Mwizi aliitia begani akaenda zake. Miezi minne nikapeleka maziwa sokoni kwa miguu.

Niliyonayo sasa naifunga kwa mnyororo mnene, nikiupitisha kwenye fremu na gurudumu, kisha kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini. Nguzo fupi haifai: baiskeli huvuliwa kwa juu.

Tena namba iliyogongwa kwenye fremu nimeinakili, nikaihifadhi pamoja na stakabadhi. Bila hiyo, utawaonyesha polisi nini kuwa ni yako? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.