Chokaa katika Kano za Bega



Wako watu ambao hulala wakiwa wazima, na usiku wa manane huamshwa na maumivu makali ya bega, kana kwamba wamechomwa msumari wa moto. Hawakuanguka wala hawakupigwa. Kukicha hawawezi kuinua mkono hata kuchana nywele. Jirani mmoja husema ni baridi yabisi. Wa pili husema mgonjwa amerogwa. Wa tatu huleta wembe wa kuchanja. Maumivu ya bega yana asili nyingi, lakini mojawapo, ambayo wachache huijua, ni chokaa iliyoshika katika kano. Hiyo ndiyo habari yetu leo.

Kwanza tujue kano ni kitu gani. Mtu aliyepata kuchuna mbuzi ameziona zile kamba nyeupe ngumu ziunganishazo nyama na mfupa. Hizo ndizo kano. Begani ziko nne zinazokishika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Mojawapo hupita juu, katika nafasi nyembamba chini ya mfupa mwingine, mfano wa kamba ipitayo chini ya boriti. Ndiyo hiyo ishikwayo na chokaa mara nyingi kuliko nyingine.

Chokaa hii si ile ya kupaka nyumba, ingawa zote mbili zina kalisi. Hii ni kalisi iliyoungana na fosfati, kama ile iliyomo katika mifupa na meno yetu. Huwapata hasa watu wa umri wa miaka 30 hata 60, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengi huwa nayo wasijue. Katika mwaka wa 1941 daktari Bosworth wa Marekani alitangaza habari za watu 6,061 wa kazi za ofisini, ambao mabega yao yalitazamwa kwa eksirei. Karibu watu 3 katika kila 100 walionekana kuwa na chokaa, na wengi wao hawakuwa na maumivu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Chokaa inapokuwa ngumu na kutulia, huuma kidogo tu au haiumi kabisa. Maumivu makali huja wakati mwili unapoanza kuiyeyusha. Hapo chokaa hulainika ikawa kama uji mzito, na kano huvimba. Na kwa kuwa nafasi ni nyembamba, uvimbe hauna pa kwenda. Kwa hiyo usiku ule mbaya kuliko zote mara nyingi ndio mwanzo wa kupona. Kwa kawaida ukali huo hupungua baada ya siku chache au majuma machache, na baadaye kano hujijenga tena.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, mgonjwa aende hospitali akatazamwe. Bega lililovimba pamoja na homa, au lililoumia kwa kuanguka, au maumivu yajayo pamoja na kubanwa kifua na kutoka jasho, hayo ni mambo mengine, tena hayangoji hata kesho. Lakini kama ni chokaa, picha ya eksirei huionyesha kama doa jeupe.

Pili, mkono upumzishwe siku za ukali, na dawa ya maumivu itumiwe kama alivyoagiza daktari. Lakini usifungwe majuma mengi, maana bega lisilotumika hukakamaa. Maumivu yakipungua, mgonjwa ainame, auache mkono uning'inie, autembeze polepole huku na huku mfano wa pembea. Zoezi hili huitwa kwa jina la Codman, daktari wa Boston, aliyetoa kitabu chake juu ya bega katika mwaka wa 1934. Chokaa ikikawia kuondoka, daktari aweza kuivuta na kuiosha kwa sindano. Wachache tu huhitaji kupasuliwa.

Tatu, msiache kunywa maziwa wala kula dagaa kwa kuogopa chokaa. Haitokani na chakula, na mifupa yenu yakihitaji chakula hicho.

Nne, msichanje bega wala msilisugue kwa nguvu. Wembe haufiki ilipo chokaa, bali waweza kuingiza uchafu katika damu. Mara nyingi mtu huchanjwa, na baada ya siku chache hupata nafuu, nao wembe husifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwili wenyewe. Wazee wetu hawakuwa na njia ya kuona ndani ya bega. Sisi tunayo, basi na tuitumie.

Wahenga wamesema, baada ya dhiki faraja. Amwonaye mwenziwe akilia kwa bega usiku, na amsaidie kufika kwa daktari, tena ampe moyo.