UZI: "Ardhi ya kilimo haijapungua." Uliza imehamia wapi

Wengi mliniomba niweke hapa maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana. Haya, twende polepole.

1. Wenzangu, kila kampeni tunasikia wimbo uleule. Mmoja anasema mashamba yanakwisha, tutakula saruji. Mwingine anajibu: wacha porojo, hesabu ya ardhi ya kilimo haijapungua. Sisi huku chini tunampigia makofi tunayempenda. Leo nawaambia wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado chakula kikapungua.

2. Twende Uchina. Mwaka 1980, Shenzhen ilifanywa eneo maalum la kiuchumi. Wakati huo ilikuwa mji mdogo, vijiji na mashamba ya mpunga. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 17. Setilaiti za Landsat, ya kwanza ikiwa ilirushwa 1972, zimekuwa zikipiga picha miaka hiyo yote. Zipange kwa mfuatano uone kijivu kikila kijani.

3. Picha husomwa vipi? Mmea mbichi huakisi kwa wingi miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Saruji na mabati si hivyo. Lakini chunga, picha moja hudanganya. Shamba la mpunga likijazwa maji ni kama bwawa. Likivunwa, udongo mtupu ni kama kiwanja cha ujenzi. Linganisha msimu uleule, miaka tofauti.

4. Sasa mtego wenyewe. Uchina ina kanuni: ukijenga juu ya shamba, lazima shamba jingine la ukubwa huo lifunguliwe. Picha za 1990 hadi 2010 zilionyesha jumla ya nchi nzima haikubadilika sana. Lakini mashamba yalipungua kusini, kwenye joto na mvua, ambako watu huvuna mara mbili kwa mwaka. Yakaongezeka kaskazini, kwenye baridi na ukame. Kwenye karatasi ekari ni ekari. Kwenye sufuria, hapana.

5. Si ajabu. Miji mingi ilianzia penye udongo mzuri, maana watu hukaa penye chakula. Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la PNAS ulikadiria kwamba mashamba yatakayomezwa na miji hadi 2030 huzaa karibu mara 1.77 ya wastani wa dunia, na takriban asilimia 80 ya hasara hiyo ni ya Asia na Afrika. Hapo nasi tumo.

6. Tusiipe picha kazi isiyo yake. Haisemi nani aliuza, alilipwa ngapi, wala nani alitia sahihi. Na simlaumu mkulima: nyumba ninayopanga mimi, huku Kiambu, imesimama palipokuwa na kahawa. Aliyeuza alikuwa na karo ya kulipa. Nami nilihitaji pa kulala.

7. Kwa hivyo akisimama mtu na hesabu yake, muulize matatu. Ni wapi hasa? Ni kati ya mwaka gani na gani? Shamba jipya linatoa magunia mangapi kulinganisha na lililojengwa? Picha za Landsat ni za bure tangu 2008, hata wewe unaweza kuzitazama. Akikosa jibu, usimzomee. Ila makofi, weka kwanza.