HOTUBA JUU YA KABURETA ILIYOTENGENEZWA UPYA



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye motokaa za zamani, nalo ni hili: kabureta imefunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa vifaa vipya, ikarudishwa mahali pake, lakini injini haiendi vema, au pengine haiwaki kabisa. Mwenye gari hukasirika, fundi huona haya, na kabureta hufunguliwa mara ya pili na ya tatu, fedha zikipotea bure. Hasara hii yaweza kuepukwa na kila mtu aliye tayari kutazama mambo kwa taratibu.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua gari moja, nalo ni Ford Model A, lililoanza kuuzwa Marekani mwezi wa Desemba 1927, likafuatwa na magari mengine ya Ford mwaka 1932. Ziliundwa karibu milioni tano, na nyingi zingali zikitembea hata leo kwa watu wanaozitunza. Injini yake ina silinda nne na nguvu za farasi 40, na kabureta iliyotumika zaidi ni ile ya Zenith.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kadiri iliyo sawa. Petroli huingia katika kibakuli, na ndani yake mna boya. Petroli ikipanda, boya huinuka na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Kutoka kibakulini petroli hupita katika vijitundu vilivyopimwa, ambavyo mafundi huviita jeti, ikavutwa na hewa iendayo katika injini. Petroli ikizidi, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na moshi mweusi hutoka nyuma. Ikipungua, plagi huwa nyeupe, injini hupata moto kupita kiasi, na mara nyingi hupiga chafya katika kabureta. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ndiyo nzuri.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutoa onyo. Katika gari hili tangi la petroli lipo mbele ya magoti ya dereva, na petroli hushuka kwa uzito wake tu, bila pampu. Kwa hiyo sindano ikikwama wazi, petroli haikomi kumwagika, nalo bomba la moshi lenye moto lipo karibu sana. Gari zima laweza kuteketea, na nyumba lilimowekwa pia. Basi fungeni bilula ya petroli kila mnapolisimamisha gari. Fanyeni kazi mahali penye upepo wa kutosha. Na msiruhusu sigara wala taa ya moto kukaribia.

Sasa na tuanze kutafuta ugonjwa. Jambo la kwanza, usiiguse kabureta. Wahenga walisema asilaumiwe mkwezi ilhali nazi imeliwa na mwezi. Mara nyingi lawama inayotupiwa kabureta yastahili kuupata umeme. Tazama kwamba cheche ni yenye nguvu katika kila plagi. Fungua kifuniko cha distributa, uzitazame zile ncha mbili zigusanazo: zikiachana kwa upana wake wote, nafasi iwe kama nusu ya milimita, nazo ziwe safi. Tazama pia ule mkono wa kushoto chini ya usukani, unaoiwahisha au kuichelewesha cheche. Wakati wa kuwasha huwekwa juu ili cheche ichelewe. Injini ikiisha kuwaka yapasa kushushwa. Dereva akisahau kuushusha, gari hukosa nguvu na injini huchemka, naye hudhani kwamba jeti zimeziba.

Jambo la pili, hakikisha kwamba petroli yafika. Weka chombo safi chini ya kabureta, fungua skurubu ya kumwagia maji na takataka iliyo chini yake, kisha fungua bilula. Petroli itoke mfululizo kwa dakika moja au mbili bila kudhoofika. Ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, legeza kifuniko cha tangi: ikirudi kutoka vema, tundu la kupumulia katika kifuniko limeziba. Isiporudi, safisha kile kikombe cha kuchujia na mrija wote. Tangi kuukuu huwa na kutu ndani, na kutu hiyo huiziba tena kabureta iliyosafishwa jana tu. Tena petroli iliyokaa miezi mingi huacha utomvu unaonata katika vijitundu. Afadhali kuimwaga na kutia mpya.

Jambo la tatu, ikiwa petroli yavuja, tazama sindano na boya. Chembe moja ya uchafu yatosha kuizuia sindano isizibe. Boya nalo huweza kuwa na ufa. Litikise karibu na sikio usikie kama lina petroli ndani. Kisha lizamishe katika maji ya moto yaliyoondolewa jikoni. Mapovu yakitoka, hapo ndipo penye ufa. Haya yakiwa sawa na kabureta yavuja bado, kimo cha boya hakikupimwa sawasawa. Vifaa vipya mara nyingi huwa na unene usiokuwa sawa na ule wa vya zamani, na kimo hubadilika pasipo fundi kujua.

Jambo la nne ni hewa ya wizi. Kabureta yaweza kuwa nzima kabisa, lakini gasketi kati yake na bomba la kuingizia hewa, au kati ya bomba hilo na injini, imepasuka au haikukazwa. Dalili yake ni kwamba injini haitulii ikienda polepole, na skurubu ya kurekebisha haileti badiliko lolote. Injini ikiwa inawaka, dondosha mafuta kidogo ya injini kwenye maungio. Mwendo ukibadilika, umekwisha kuuona mlango wa mwizi. Kamwe usitumie petroli kwa jaribio hili.

Jambo la tano ni zile jeti zenyewe. Hapa injini yenyewe itakuambia. Ikiwa hufa kila uondoapo mguu, lakini huenda vema ikikimbia, shuku jeti ndogo ya mwendo wa polepole. Ikiwa hutulia vema ikiwa imesimama, lakini hukosa nguvu kupanda mlima, shuku zile kubwa. Usitie waya ndani ya jeti, kwani tundu likipanuliwa hata kidogo kipimo chake kimeharibika. Tumia pampu ya upepo, wala usisahau kupuliza njia zilizochimbwa ndani ya chuma cha kabureta, maana hizo ndizo hasa zinazosahauliwa wakati wa kutengeneza upya.

Yote yakiisha kuwa sawa, ndipo tufike kwenye kurekebisha. Injini iwe imekwisha kupata moto. Kile kifundo cha petroli ambacho dereva hukifikia kutoka kitini kifungwe taratibu mpaka mwisho, kisha kifunguliwe robo ya mzunguko. Usikikaze kwa nguvu, kwani utakiharibu kikalio chake. Wakati wa baridi hufunguliwa mzunguko mzima ili kuwasha, kisha hurudishwa. Halafu ifungue skurubu ya hewa kidogo kidogo mpaka injini ianze kuyumba, ukairudishe mpaka itulie.

Twawasihi jambo moja zaidi: badilini kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkaandike katika daftari mlichobadilisha na matokeo yake. Mtu abadilishaye plagi, jeti na gasketi kwa siku moja, injini yake ikipona hajui dawa iliyoiponya, na ikizidi kuugua hajui sumu aliyoinywesha.

Nanyi wenye magari, msimfukuze fundi kwa sababu gari halikuwaka mara ya kwanza. Mwulizeni kwanza ametazama nini, na kwa utaratibu gani. Akiweza kuwaeleza, mpeni nafasi aimalize kazi yake. Nanyi mafundi, msione haya kumwonyesha mwenye gari takataka mlizozitoa katika tangi lake, ili ajue kwamba ugonjwa ulitoka kwake nyumbani.